Beki Kufuli na Ile Miaka Sita

Kalamu ya Anwarali imebaki hewani tangu wiki iliyopita, wasomaji wangu, na bila shaka mkono umeanza kumuuma. Basi tumshushe.

"Usitie sahihi, Bhai!" Rehmat alipaza sauti pale mlangoni, leso ya jikoni inaning'inia bega moja, ufunguo wa gari bado mkononi. "Mtu huyu alikaa gereza miaka sita!"

Kalamu ikatua mezani. Haikutua kwenye karatasi.

Ofisini mle walikuwamo watu watatu. Anwarali, kaka yake Rehmat, mwenye duka la vigae na masinki hapo Markham na mfadhili wa timu. Shadrack, kocha, Mkenya asiyeweza kukaa kitini kama watu, alikuwa amejiegesha kwenye ukingo wa hodhi la kuogea lililowekwa kwa maonyesho, bei yake bado imebandikwa ubavuni. Na kati yao, ndani ya koti jipya la Kombaini ya Dixon, alikaa Valdecir, beki wa kati kutoka Brazili, umri miaka thelathini na sita. Washabiki wa kwao walimpa jina la Cadeado, yaani Kufuli, kwa sababu mshambuliaji aliyempita ilibidi kwanza aombe ruhusa.

Kufuli mwenyewe hakuelewa neno hata moja. Alimwona Rehmat, akatabasamu, akainuka ampishe kiti.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, jua hivi tu. Klabu iliyomleta Valdecir Toronto ilivunjika kabla hajavaa jezi yake. Kibali chake cha kukaa nchini kinategemea klabu. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, na Kombaini ya Dixon ndiyo timu pekee iliyokuwa bado inamtaka. Dirisha likifungwa bila jina lake, anarudi kwao, na beki wa umri ule akirudi kwao mikono mitupu, mpira umeisha. Na nani aliyemleta kwenye timu? Rehmat huyu huyu, katibu wa Kombaini, jirani yake wa ghorofa ya tisa kule Kingsview Village. Ndiye aliyemlisha pilau, ndiye aliyemsifu kwa kaka yake, na sasa ndiye anayemzamisha.

"Nani kakwambia?" Anwarali aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nimesikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya mawili."

Hapa lazima niwaeleze habari ya masikio ya Rehmat. Kwa miaka ishirini na miwili alipokea simu katika kampuni ya bima, na hakuna mteja wa taifa lolote aliyewahi kuombwa arudie jina lake. Akikaa jikoni kwake, lifti ikifunguka tu, anajua ni nani ametoka na kama amenuna. Aliyaringia masikio yale kama wenzake wanavyoringia wakwe madaktari.

"Nilikuwa chumba cha kufulia, mashine namba nne," alisema, anahema. "Yeye yuko nyuma ya mashine za kukaushia, anazungumza na simu, sauti ya huzuni. *Seis anos*, anasema. Seis ni sita, mwenyewe kanifundisha kuhesabu. Anos ni miaka. Seis anos, gereza! Kalitaja mara tatu, Bhai. Mara kocha kampigia honi kule chini, kaondoka. Nimekaa na neno hilo kifuani nusu saa nzima, nikashindwa. Nimeacha nguo zangu ndani ya mashine, nimekuja."

"Ah, Aunty, hebu tulia," Shadrack alisema kutoka kwenye hodhi. "Huyo alikuwa anaongea Kireno. Itakuwa neno lingine kabisa."

"Neno lingine? Mesa si meza? Bandeira si bendera? Copo si kopo? Mwezi mzima sasa umemfundisha mazoezi kwa maneno hayo hayo!"

"Hiyo ni ukweli," Shadrack alikiri.

"Na gereza vilevile ni lao. Wareno walikuja nalo pwani. Mwalimu wangu Tanga alitufundisha darasa la sita."

Mwalimu wa Tanga alimaliza ubishi. Anwarali aliivuta fomu ya usajili, akaipitisha kidole mstari kwa mstari. Klabu ya kwanza, umri miaka kumi na minane. Klabu ya pili. Klabu ya tatu, klabu kubwa, mpaka miaka ishirini na sita. Halafu peupe. Mstari uliofuata ulianza akiwa na miaka thelathini na miwili.

"Kocha, hapa katikati alikuwa wapi?"

"Aliniambia alipumzika."

"Beki wa miaka ishirini na sita anapumzika miaka sita?"

Shadrack alijikuna kisogo. Swali hilo alikuwa amelikwepa tangu siku ya kwanza, maana alikuwa na mabeki wawili wazima na mmoja mwenye goti bovu, na huyu Kufuli alikuwa hapitiki.

"Si tumuulize tu?" alisema.

Anwarali alichungulia kupitia kioo cha ofisi. Upande wa pili wateja walikuwa wanachagua mabomba, na wasichana wawili wa mauzo walikuwa wameacha kazi, shingo ndefu. Kumuuliza mgeni habari za jela kwa Kiingereza, mbele ya watu wote wale? Hakulelewa hivyo.

"Kwa Kiswahili," alinong'ona. "Taratibu. Kwa adabu."

Kwa kawaida mambo ya Valdecir, ambaye Kiingereza chake hakikuzidi salamu, yalikuwa yakipitia kwa Épiphanie, mama wa Kikongo aliyekaa ukimbizini Msumbiji miaka kumi na moja kabla ya kufika Kanada na anayekimwaga Kireno kama maji. Lakini Épiphanie siku hiyo alikuwa zamu katika nyumba ya wazee, na huko simu hufungiwa kabatini. Rehmat alikuwa amempigia mara nne njiani. Ikabidi watatu hawa wajitegemee.

Anwarali alisogeza kiti. "Bwana Valdecir. Gereza?"

Uso wa Kufuli uling'aa.

"Igreja? Sim, sim!" Akapiga kifua. "Seis anos!" Akainua vidole sita, asije akaeleweka vibaya.

"Umeona?" Rehmat alisema. Hakufurahi. Alikuwa ametumaini kushindwa.

"Ulifanya nini huko gereza?" Anwarali aliuliza.

Valdecir alifikiri, akaamua maneno hayatatosha, akasimama. Kwanza alionyesha mkono unaozungusha ufunguo mlangoni, *cha-ve*, akasema, kra-kra. Wote wakaelewa. Kisha akapiga magoti, akainamisha kichwa, akabaki hivyo kitambo. Wakaelewa zaidi. Kisha akainuka, akashika kamba isiyoonekana kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu kutoka juu mpaka chini, huku shingo imelala upande mmoja na macho yanatazama dari.

"Toba!" Rehmat alishika koo lake.

"Wueh," Shadrack alisema. "Kunyongwa?"

"*Padre*," Valdecir aliendelea kwa furaha, akionyesha mtu mnene, mwema, anayembariki. "*Padre* amigo. *Vinho!*" Na hapo akanywa kidogo kutoka kwenye kikombe cha hewani, akakipangusa kwa kitambaa cha hewani.

"Padri," Shadrack alitafsiri kwa sauti ya chini. "Na mvinyo. Jamani, padri huletwa mwisho mwisho. Huyu alikuwa amehukumiwa, wakambadilishia dakika ya mwisho."

Anwarali aliifunga kalamu kifuniko.

"Sina roho ngumu," alisema, na kweli hakuwa nayo. "Mtu akitumikia kifungo chake, yamekwisha. Lakini jina la duka langu liko kifuani mwa jezi, na watoto wa watu wote wa jamatini, pale tunaposali, wanafanya mazoezi uwanja huo huo. Kesho mzazi akiniuliza alifungwa kwa kosa gani, nitamjibu nini? Sijui hata kosa! Na kwa nini alificha?" Akamgeukia Valdecir, akaweka mkono kifuani. "Pole, bwana. Hapana."

*Pole* Valdecir alikuwa anaijua. *Hapana* pia, uwanjani alikuwa anaisikia kila siku. Alitazama karatasi, akatazama kalamu iliyofungwa, akatazama nyuso tatu. Tabasamu lilimwisha polepole. Hakubisha. Alivua koti la Kombaini, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu.

"Mesa," alisema, akaliweka mezani.

Akampita Rehmat mlangoni. Hapo akasimama, akainama, akaokota leso iliyokuwa imemwanguka, akaikung'uta na kumrudishia begani kama mtoto anayemfunika mama yake.

"Lenço, Dona Remati," alisema, akatoka.

Rehmat aliumia. Alijiambia amefanya wajibu wake, na bado aliumia. Alikaa kwenye kile kiti alichopishwa, akakunjua koti, akalikunja tena, na lilikuwa limekunjwa vizuri tangu mwanzo.

Saa nane na nusu. Saa tisa. Shadrack alipiga simu kila kona kutafuta beki wa kuokoteza, akapata kinyozi mmoja na mtu aliyesema ana miaka arobaini lakini alikuwa anasema hivyo tangu miaka saba iliyopita. Saa tisa na nusu simu ya Rehmat ikalia.

"Mama Rehmat, ni mimi Épiphanie. Niko pause, napumzika kidogo. Umenipigia mara nne, kuna mutu amekufa?"

Rehmat aliweka simu mezani, sauti wazi, akamweleza yote. Chumba cha kufulia, seis anos, ufunguo, magoti, kamba, padri. Alieleza kwa huzuni na kwa utaratibu, kama taarifa ya bima.

Upande wa pili kikatoka kicheko ambacho wateja wa mabomba walikisikia kupitia kioo.

"Épiphanie! Si jambo la kuchekesha!"

"Buloko? Jela? Nani alisema buloko? Mungu wangu, mbavu yangu! Mama, *igreja* ni kanisa! Ni eglize! Alikaa miaka sita kanisani!"

Anwarali alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Kamba ni kengele," Shadrack alisema taratibu. "Alikuwa anapiga kengele."

"Na ufunguo ni wa kanisa," Anwarali alisema.

"Na mvinyo wa komunyo," Shadrack alisema, akateleza, akaingia ndani ya hodhi mzima mzima, miguu juu.

Rehmat peke yake hakucheka. "Sasa mwalimu wangu wa Tanga?"

"Mwalimu alisema kweli, mama. Neno ni lao, ni hiyo hiyo igreja. Ila sisi tulilichukua kanisa, tukalifunga."

Épiphanie akawaeleza kilichojaza ule mstari mweupe, haraka haraka maana dakika zake zilikuwa zinaisha. Fainali ya kombe la jimbo, bila kwa bila, zimebaki dakika mbili. Valdecir anamrudishia kipa mpira, mpira unampita kipa, goli. Beki Kufuli amejifunga. Mji mzima ukaamka na fimbo. Padri mmoja akamfungulia mlango wa nyuma wa kanisa ajifiche usiku mmoja tu. Asubuhi Valdecir akashika ufagio, jioni akapiga kengele, na usiku mmoja ukawa miaka sita.

"Na ile simu ya leo ni ya huyo padri, jana aliniambia atampigia," Épiphanie alimaliza. "Alitaka kumwambia: miaka sita kanisani umeniombea, leo wananisajili."

Sentensi hiyo ilimfikisha Rehmat pabaya. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Mpigie arudi!" Anwarali alisema. "Bado tuna saa nzima na nusu. Nahitaji sahihi yake na paspoti yake tu."

Shadrack alipiga. Simu ikalia pale pale mezani, ndani ya mfuko wa koti lililokunjwa.

"Épiphanie, yuko wapi saa hizi?"

"Leo Ijumaa? Yuko kanisani kwetu, pale barabara za Jane na Finch zinapokutana. Kila Ijumaa anafagia, ufunguo tulimpa. Sasa narudi kazini, lakini simu naweka mfukoni mwa aproni. Madame mkubwa akinifukuza, mutanitafutia kazi!"

"Nitaenda mimi," Shadrack alisema, akihangaika kutoka kwenye hodhi.

"Kaa hapo hapo," Rehmat alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa. Mimi nitamrudisha."

*

Tangu afike Kanada, Rehmat hakuwahi kukanyaga barabara ya 407, ile ya kulipia. Alikuwa anaiita barabara ya wapumbavu. Siku hiyo aliingia nayo bila kupepesa, kilomita mia na ishirini kwa saa, gari lake dogo linatetemeka milango yote. Alimsogelea kila aliyekuwa mbele yake mpaka akampisha. Alipofika karibu na barabara ya Jane alikumbuka nguo zake kwenye mashine namba nne, akasema zioze.

Trafiki ya Ijumaa ilimkamata alipotoka kwenye barabara kuu. Mataa matatu yakamla dakika kumi na saba. Saa kumi na dakika arobaini na mbili aliegesha mahali palipoandikwa wazi kwamba haparuhusiwi.

Kanisa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Rehmat alipanda ngazi, akafika mlangoni, akavua viatu.

Ni mazoea tu. Miaka sitini ya kuingia msikitini, miguu haikumuuliza. Alishtuka baadaye, alipohisi sakafu ya baridi kwenye soksi, kwamba hakuwahi kuingia kanisa lolote maishani mwake na hakujua watu huvua nini.

Valdecir alikuwa mbele, karibu na ngoma za kwaya, anafagia. Aligeuka. Alimwona Dona Remati amesimama na soksi zake za zambarau, akaangalia viatu mlangoni, akaangalia mabuti yake mwenyewe. Bila neno akaegemeza ufagio, akainama, akayavua na yeye. Basi wakasimama wote wawili na soksi tu, kila mmoja akidhani ndiyo heshima ya mwenzake.

Sasa ataombaje radhi? Kireno chake kiliishia kumi. Rehmat alizungusha mkono ukumbi mzima, viti, ngoma, msalaba.

"Igreja," alisema polepole.

"Igreja," Valdecir alikubali, anashangaa.

Rehmat alijishika sikio la kulia, akalisokota kama alivyosokotwa Tanga darasa la sita. Kisha akaweka vifundo vya mikono pamoja, kama mtu aliyetiwa pingu.

"Gereza," alisema. "Mimi, mjinga, nilisikia gereza."

Valdecir alitazama zile pingu. Midomo yake ilijaribu maneno yote mawili, moja baada ya jingine. Kisha macho yakamtoka.

"Prisão? Eu?"

Akacheka. Alicheka akakosa pumzi, akakaa kwenye kiti, akajipiga mapaja, akaonyesha kamba ile ya hewani na kujinyonga nayo, na Rehmat naye akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Ilikuwa raha kubwa kusamehewa hivyo.

Halafu Valdecir akaacha kucheka kabla yake. "Igreja," alijisemea, anatazama ufagio. "Gereza." Akatikisa kichwa.

Rehmat hakutilia maanani. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini. Alimpigia Anwarali, fomu ikaja kwenye simu, na baada ya kubonyeza pasipofaa mara mbili ilifunguka. Paspoti ilikuwa mfukoni mwa suruali ya Valdecir, alikuwa ameibeba kwa ajili ya siku hiyo. Wakaipiga picha. Ya kwanza ikatoka na kidole cha Rehmat. Ya pili ikatoka vizuri. Valdecir akatia sahihi kwa ncha ya kidole kwenye kioo, taratibu, ulimi nje.

Saa kumi na dakika hamsini na sita. Ilibaki kubonyeza pale palipoandikwa tuma. Rehmat alisema bismillahi, akainua kidole gumba.

Mkono mkubwa ukafunika simu.

"Espera, Dona Remati," Valdecir alisema. Hakuwa na tabasamu. "Pifania. Por favor."

"Sasa hivi? Bwana wee, dakika nne!"

"Por favor."

Épiphanie alipokea kwa mnong'ono. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anaitisha supu. Valdecir alichukua simu, akaongea. Aliongea chini kwa chini, macho sakafuni, sentensi fupi fupi. Rehmat alisubiri kicheko cha Épiphanie. Hakikuja. Valdecir alimaliza, akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Épiphanie? Kasemaje? Haraka!"

"Mama." Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Anasema umetoka mbali kumuomba pardon, kwa hiyo hawezi kukudanganya. Ile goli. Ile aliyojifunga."

"Ehe?"

"Hakukosea, mama. Alilenga."

"Unasema nini?"

"Aliona kipa ametoka. Aliona lango. Alilenga. Anasema batu bote wanafikiri alikimbilia kanisani kwa kuogopa fimbo. Fimbo hata hakuziogopa."

"Nani alimtuma?"

"Nimemuuliza. Hataki kusema bado. Anasema kwanza usikie hii, kisha ufanye vile moyo unakuambia. Ukikataa kutuma, hatakasirika. Amezoea." Épiphanie akapumua. "Mama, madame anakuja, nafunga."

Simu ikanyamaza. Kwenye kioo ilisomeka saa kumi na dakika hamsini na nane.

Rehmat alimtazama mtu yule mrefu aliyesimama na soksi zake. Mchana alimwangamiza kwa neno ambalo hakulisema. Sasa kasema mwenyewe, hakuna aliyemuuliza, hakuna ambaye angejua. Angenyamaza dakika mbili tu, angekuwa mchezaji wa Kombaini ya Dixon. Mwongo hafanyi hivyo, Rehmat alifikiri, na mara hiyo hiyo akafikiri kwamba beki anayefunga lango lake makusudi ni mwongo wa kupita wote. Mawazo yote mawili yalikuwa ya kweli na saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na tisa.

Akabonyeza.

Duara dogo likazunguka kwenye kioo. Likazunguka. Likazunguka. Alama ya kijani ikatokea, na Valdecir akaketi, akafunika uso.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Anwarali, na nyuma yake Shadrack alikuwa anaimba na kupiga lile hodhi kama ngoma.

"Imepita! Rehmat, imepita! Zilibaki sekunde ishirini! Mwambie nisamehe, mwambie Jumapili anaanza, namba nne mgongoni!"

"Nitamwambia, Bhai."

"Nimeshawapigia wazee wote wa jamatini. Nimewaambia ilikuwa kanisa, siyo gereza, wamecheka mpaka basi. Nimewaambia dada yangu kenda kumwona mwenyewe, na mimi nasimama naye kwa jina langu na la duka langu." Akashusha sauti, ile sauti ya kaka aliyomlea nayo. "Basi nihakikishie mara moja tu, nilale. Wewe ndiye masikio yangu. Hakuna kingine ulichosikia juu ya mtu huyu?"

Valdecir aliinua uso. Kiswahili hakukijua, lakini swali lile alilifahamu.

Rehmat alishika sikio lake, lile la kulia, bado lilikuwa linauma. Safari hii, jamani, lilikuwa limesikia sawasawa.